Muulize Mama Sajini: “Walikataa Kuniandikia OB”

Safu hii imezoea ugomvi wa mashamba, mirathi na wapangaji wasiolipa. Mwezi huu mhariri amenikabidhi bahasha, nikazitandaza barua kitandani, na nilipozisoma nikakuta zote zinahusu askari. Moja imeandikwa na askari mwenyewe. Basi mirathi itangoja.

Kwa wasionijua: nilivaa sare miaka 26, nikastaafu na tepe tatu za sajini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza nyuma ya kaunta ya ripoti katika vituo vya Pwani, kalamu mkononi. Mimi si wakili. Siku hizi nasaidia watu mtaani kuandika barua na kujaza fomu. Ninayoyajua nayajua kwa sababu nilikuwa upande ule wa kaunta.

*

*Shikamoo Mama Sajini. Mimi ni mwendesha bodaboda Likoni. Ijumaa moja jioni nilisimamishwa na polisi wawili karibu na feri, wakasema abiria wangu hana helmeti. Nilipouliza mbona wenzangu wanapita, mmoja alinipiga rungu begani na mgongoni. Nikalala seli hadi Jumatatu, na Katiba inasema saa 24. Kaka yangu alitoa 4,000 nikaachiliwa. Risiti hakupewa, kortini sikupelekwa. Niliporudi kushtaki, wa kaunta alicheka: “Unakuja kuripoti polisi kwa polisi?” Wakakataa kuniandikia OB, kwenye kile kitabu cha matukio cha kituo. Sasa wenzangu wananiambia bila namba ya OB sina kesi. Ni kweli? — Wa Boda, Likoni*

Marahaba mwanangu, na pole. Si kweli, na nitakueleza. Lakini kwanza nianze na lile utakalolichukia.

Unalalamika kwamba ulikaa ndani siku tatu wakati Katiba inasema saa 24. Isome hadi mwisho. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini upesi iwezekanavyo, isipite saa 24. Ila saa hizo zikiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti hazikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Wewe ulishikwa Ijumaa jioni, saa zako ziliisha Jumamosi jioni, kwa hiyo walikuwa na hadi Jumatatu. Askari wa zamani wanaijua hesabu hiyo kuliko majina ya watoto wao. Ndiyo maana Ijumaa jioni hukamatwa watu wengi mno. Ukiiweka hoja hiyo juu kabisa kwenye malalamishi yako, watakujibu kwa mstari mmoja na mengine yote yatapoa.

Hoja yako ya kweli iko pembeni yake. Kifungu hicho hicho kinasema mshukiwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuilia. Na kwa makosa yasiyo mazito, mkuu wa kituo ana uwezo wa kukuachilia hapo hapo kituoni, uende kwako, uje kortini Jumatatu kwa miguu yako. Helmeti ya abiria ina sababu gani nzito? Waulizwe hilo.

Kuhusu zile 4,000: dhamana ya pesa ina risiti ya serikali, ina jina lako, ina siku ya kufika kortini, na kesi ikiisha hurudishwa kama hukutoroka. Pesa isiyo na risiti na isiyo na siku ya korti si dhamana. Ni hongo. Mwambie kaka yako asifute ule ujumbe wa M-Pesa. Najua alitoa pesa kwa wakala karibu na kituo, kwa sababu kila mtu hufanya hivyo. Ujumbe ule una tarehe, saa, dakika na jina la wakala. Akitoa 4,000 saa nne kasoro na wewe ukatoka saa nne na robo, mchunguzi ana pa kuanzia. Suala la pesa linaweza kupelekwa pia kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, na kaka yako aseme wazi kwamba alidaiwa, hakujitolea.

Sasa OB. Wengi huisema kama uchawi, na hawajawahi kuiona kwa karibu. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu. Kila siku namba huanza upya kutoka moja, baada ya namba kuna saa, kisha maelezo, kisha jina la aliyeandika. Namba yako ikiwa 31 ya tarehe 7, basi kuna 30 iliyoandikwa kabla yako na 32 iliyofuata, na huwezi kumchomoa mtu katikati bila pengo kuonekana. Nguvu yote ya kitabu iko kwenye ile safu ya saa. Ndiyo maana asiyetaka kukuandikia hagombani nawe. Anachotaka ni muda upite tu. Atakwambia kitabu kiko kwa bosi. Au anayehusika hayuko zamu, njoo kesho. Au andika kwenye karatasi hii utuachie. Na karatasi ile, mwanangu, ikifika jioni imefungia mahamri.

Najua kwa kuwa nimefanya. Miaka mingi iliyopita, katika kituo nisichokitaja, aliingia mzee mmoja taya limevimba, akasema amepigwa kofi na koplo wetu sokoni. Koplo yule alikuwa chumba cha nyuma anakunywa chai, namsikia akicheka. Nilishika kalamu, sikuandika. Nikamwambia kwa upole kabisa, “Mzee wangu, katibiwe kwanza, ndipo uje tukuandikie.” Akanishukuru. Alirudi siku ya tatu, kwa sababu alitoka mbali na nauli hakuwa nayo. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Nikamtazama usoni nikamwambia, “Lakini mbona sioni kitu?” Aliketi kwenye lile benchi hadi adhana ya Magharibi, kisha akaondoka. Jina lake silikumbuki kwa sababu sikuliandika.

Kwa hiyo wakikataa, fanya hivi. Usipige kelele, kelele huwapa sababu ya kukuingiza ndani kwa fujo. Tazama saa ya ukutani, tazama jina kifuani mwa aliyekataa au namba yake ya kazi, toka nje, andika kwenye simu yako na ujitumie mwenyewe au umtumie ndugu. Kisha andika barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, nakala mbili, moja wapokee na nyingine wakugongee mhuri. Wakikataa mhuri, ongeza mstari mmoja kwenye yale maandishi ya simu. Halafu nenda IPOA moja kwa moja, yaani Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi. Wao hawadai OB. Iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa ajili ya hali hii hii, mtu asilazimike kumshtaki polisi kwa polisi. Wana ofisi Mombasa, wana simu ya bure 1559, hutozwi hata shilingi, na kama kuandika ni shida unaweza kusimulia kwa mdomo wao wakaandika. Ila usitoke pale bila namba ya kumbukumbu ya malalamishi yako.

Barua ya malalamishi uliyoniletea inasema “polisi wa feri ni wanyama, wamezoea kutuonea.” Nakuamini. Lakini mchunguzi hawezi kumwita mnyama kuhojiwa. Nimekunyooshea hivi, jaza mapengo:

“Ijumaa tarehe __, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, upande wa Likoni, kwenye steji ya bodaboda, nilisimamishwa na polisi wawili wenye sare. Wa kwanza ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Wa pili alimwita ‘Koplo’. Walikuwa na gari lenye namba ya GK, sikuidaka yote, inaishia na herufi __. Yule mrefu alinipiga rungu mara tatu: mara moja bega la kushoto, mara mbili mgongoni. Nilikuwa nimesimama, mikono mitupu. Walioona ni muuza kahawa na waendesha boda wawili, ambao wamekubali kutajwa. Tulikuwa saba seli. Niliachiliwa Jumatatu saa __ baada ya kaka yangu kutoa shilingi 4,000 kwa afisa wa __. Hakuna risiti. Tarehe __ saa __ nilirudi kituoni kuripoti, nikakataliwa na afisa mwenye namba __.”

Umeona? Hakuna tusi hata moja, na inauma zaidi. Koplo yule akiisoma atalala macho wazi.

Bega lipelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua, uweke karatasi ya matibabu, na uombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha jeraha. Ni bure, sehemu ya juu hujazwa na polisi, ya chini na daktari. Kituo kile kikikunyima P3, nenda kingine, au waambie IPOA wakusaidie kuipata. Karatasi ya matibabu yenye tarehe ndiyo ya kukimbilia kwanza.

Mwisho kuhusu matarajio. IPOA huchunguza na kupendekeza. Hawafungi mtu. Faili likiwa na uzito huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye anayeamua kushtaki, kisha korti. Malalamishi mengine wanaweza kuyapeleka kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, IAU, ili mtu aadhibiwe kinidhamu. Na ukitaka fidia kwa kudai madai ya kawaida dhidi ya serikali, una miezi 12 tu tangu siku ya kipigo. Watu wengi hunijia mwezi wa kumi na nne. Siku hizo hubaki njia ya ombi la kikatiba Mahakama Kuu, ambalo Kifungu cha 22 kinasema halitozwi ada ya kulifungua.

*

*Mama Sajini, mimi ni mama wa watoto wanne, Kaunti ya Kwale. Mwanangu wa miaka 19 alitolewa maskani usiku na polisi waliosema wanatafuta wezi wa pikipiki. Alirudi kesho yake mkono umevunjika, hakushtakiwa lolote. Nataka kwenda IPOA lakini shemeji yangu ananiambia nikumbuke yule kijana wa bodaboda wa Mavoko aliyeshtaki akaishia mtoni. Nifunge mdomo? — Mama Wanne*

Dada yangu, shemeji hakusema uongo. Josphat Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi ya mkono na polisi, akapeleka malalamishi IPOA, na baada ya hapo akajikuta na kesi za barabarani mgongoni. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka korti ya Mavoko na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilitolewa mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk. Sitakwambia hayo ni ya zamani.

Lakini shemeji akwambie na sehemu ya pili. Mmoja wao, akiwa amefungiwa katika kambi ya polisi, alirusha nje kipande cha karatasi ya chooni alichokiandika kuomba mkewe apigiwe simu, kwamba wako hatarini. Mpita njia aliokota. Karatasi ile ikawa sehemu ya ushahidi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata watu wanne na hatia, watatu wao polisi, na Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Na la nyumbani kwako zaidi. Agosti 2014, huko Kinango, msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba polisi walipokuja usiku kumtafuta jamaa yake. Walisema aliwavamia kwa panga. Februari 2016 korti ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza uchunguzi wa IPOA kumfikisha polisi gerezani. Familia ile haikuwa na wakili wa Nairobi wala jina kubwa.

Sikwambii uwe shujaa. Nakwambia usiende peke yako. Mwenda alikuwa na wakili, na bado. Basi wewe usianze na kwenda kituoni kwenu kabisa. Anza Mombasa, kwa mashirika ya haki za binadamu kama Haki Africa au MUHURI, au ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Waandike wao, waende nawe. Ukifika IPOA omba jina lako na la mwanao yasitolewe, na uombe hivyo kwa maandishi. Mkono wa mwanao upigwe picha ya eksirei, na kama unaogopa daktari wa karibu na nyumbani, waulize hao wa haki za binadamu kuhusu IMLU, ambao wana madaktari wanaojua kuandika ripoti za mateso. Ripoti ya aina hiyo haisemi tu kwamba mfupa umevunjika, inasema umevunjika vipi: kwa kuanguka au kwa kukinga pigo. Nakala za karatasi ziwe katika nyumba tatu tofauti. Mwanao aache maskani kwa muda, akae kwa mjomba, na asijisifu huko kwamba amemshtaki fulani. Vijana ndipo wanapoharibu, Mama Wanne; siri inatoka kwenye miraa.

Vitisho vikianza, hata simu ya mtu asiyesema kitu, andika saa na namba, upeleke siku hiyo hiyo. Kuna Shirika la Kulinda Mashahidi kwa sheria ya 2006, na wanaokushikia mkono watakuombea ulinzi huko. Mateso yenyewe, kwa sheria ya 2017 ya kuzuia mateso, yana kifungo cha hadi miaka 25, na Katiba imeyaweka kati ya yale machache ambayo hayaruhusiwi hata kwa dharura. Hakuna bosi anayeweza kumpa askari ruhusa ya kuvunja mkono wa mtoto.

Kama baada ya haya yote utaamua kunyamaza, sitakulaumu. Lakini eksirei piga.

*

*Bi Sajini, nauza mahamri na viazi karai Kongowea. Kanjo wamenimwagia mafuta na kuchukua karai yangu na jiko. Nilipiga simu IPOA wakaniambia si kazi yao! Sasa ni kazi ya nani? — Mama Karai*

Wamekwambia kweli, na mimi nimekasirika kwa niaba yako. IPOA inasimamia polisi wa taifa: wa kawaida, wa utawala, na wapelelezi wa DCI. Kanjo ni askari wa kaunti, hawamo. Kupiga na kumwaga mafuta ya moto ni kosa la jinai kama la mtu yeyote, kwa hiyo hapo ndipo polisi wanakuwa wako: nenda kituoni, wakuandikie OB, na P3 kama umeungua. Kuhusu mali, kaunti lazima ionyeshe wamechukua nini kwa amri gani. Andika barua kwa idara yao ya ukaguzi, mhuri kwenye nakala, na ukizungushwa upeleke nakala hiyo kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni maofisi yanayozungusha watu. Karai ielezee kwa ukubwa na bei. Nimeona orodha za kaunti ambazo majiko kumi yameandikwa “vyuma mbalimbali”.

*

*Habari Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Nairobi, kwetu Malindi. Kwenye maandamano nilikamatwa na watu wasio na sare, wakachukua simu yangu na kutaka nenosiri. Nilikataa, wakanipiga vibao. Nilitolewa kesho yake bila simu. Nilivunja sheria kukataa? — Wa Malindi*

Hukuvunja. Una haki ya kunyamaza, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, mawasiliano yako yakiwemo. Mwenye amri ya korti aionyeshe. Pia una haki ya kuambiwa, kwa lugha unayoielewa, umekamatwa kwa kosa gani. Kuandamana kwa amani bila silaha si kosa, kuko kwenye Kifungu cha 37. Tatizo la haki hizi ni kwamba zinadaiwa usiku, mbele ya mtu aliyekasirika. Kwa hiyo siku nyingine kataa kwa mdomo, usishindane kwa mikono, na sema kwa sauti ili wenzako wasikie: “Andikeni simu yangu kwenye mali ya mahabusu.” Kila kitu kinachotolewa mfukoni mwa mtu kinapaswa kuandikwa kabla hajaingia seli, mpaka mshipi na kamba za viatu.

Simu yako tafuta boksi lake, lina namba ya IMEI inayoitambulisha simu. Kama boksi lilitupwa, mwenye duka aliyekuuzia huenda anayo kwenye risiti. Andika IMEI kwenye malalamishi. “Samsung nyeusi” ziko elfu.

Kuhusu wasio na sare: sema kituo ulichotolewa. Hata kama hukuwajua majina, kuna aliyekupokea pale kaunta na kuna aliyekufungulia mlango asubuhi, na hao walikuwa zamu na zamu imeandikwa. Anza nao. Na waambie jamaa zako mapema: mtu akichukuliwa na asionekane kituo chochote, wasingoje saa 24 kwa adabu. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya mtu kufikishwa mbele ya jaji, akiwa hai au vyovyote alivyo. Haki hiyo nayo haizuiliki kwa sababu yoyote.

*

*Sajini, mimi ni konstebo, miaka mitatu kazini. Nimeitwa IPOA kwa malalamishi ya mtu niliyemkamata kihalali. Anadai nilimpiga. Mkubwa wangu ameniambia “tutapanga maelezo”. Nifanye nini? — Afande Mdogo*

Mwanangu, ulivyoandika “tutapanga maelezo” ndipo nilipoweka chai chini.

Nenda IPOA na wakili. Haki unazowasomea watu ukiwakamata ni zako pia, pamoja na ya kunyamaza. Beba daftari lako la kazi, namba ya OB uliyotokea nayo doria, na ile uliyoandika ulipomleta mtu. Kama uliandika hali yake alipoingia, kwamba hana jeraha au ana jeraha hili na hili, na ukaandika saa ile ile, umejiokoa mwenyewe. Kama ulitumia nguvu, sema ulitumia na kwa nini. Sheria ya polisi inaruhusu nguvu kiasi kinachohitajika baada ya njia nyingine kushindwa, na inakutaka uiripoti kwa mkubwa wako.

Lakini maelezo yaliyopangwa usiyatie saini. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi kituo cha Central, Nairobi, tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Niliyasikia maneno hayo redioni nikainuka nikazima, kwa sababu “alijigonga ukutani” ni sentensi niliyoikuta kwenye vitabu tangu nikiwa kurutu. Madaktari waliofanya uchunguzi wa maiti walisema majeraha yake hayalingani na hayo. Ukuta haujitetei, ndiyo maana hupendwa. Maelezo ya kupangwa yakipasuka, mkubwa atasema hakuwepo, na saini iliyobaki ni ya konstebo.

Na mkubwa huyo ukitaka kumripoti, njia iko. IAU na IPOA hupokea malalamishi ya polisi pia. Andika leo, ukiwa bado unakumbuka alisema saa ngapi na mlikuwa chumba gani.

*

*Mama Sajini, salamu kutoka Tanga. Mbona unasema OB na P3 tu, sisi wa huku tufanyeje? — Msomaji wa Ng’ambo ya Horohoro*

Aleikum salaam jirani. Kwenu ni namba ya RB na fomu ya PF3, kazi ni karibu ile ile. Chombo kama IPOA hamna. Malalamishi dhidi ya askari yapeleke kwa wakubwa wake, hadi kwa kamanda wa mkoa, na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza 2001. Mengine yote niliyosema kuhusu saa, majina na nakala yenye mhuri hayahitaji pasipoti.

*

Wa Boda, barua yako niliyoinyoosha iko kwa mhariri ndani ya bahasha ya kaki. Ichukue, jaza mapengo kwa mwandiko wako mwenyewe, kisha uje nayo pamoja na kitambulisho na kaka yako mwenye ule ujumbe wa M-Pesa. Jumanne na Jumatano niko asubuhi, nyuma ya soko la samaki, ulizia kwa Mama Sajini. Muuza kahawa naye aje, kama kweli amekubali kutajwa. Alhamisi siko, nina kesi ya mirathi.